Hicho "kitabu cha Papias" mmekisoma wapi?

Nimetumiwa tena ile klipu. Mhubiri yuko jukwaani, Biblia mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili, anatangaza: "Papias, mwanafunzi wa mtume Yohana, amezithibitisha Injili zote nne katika kitabu chake!" Makofi. Sijakaa sawa, kundi jingine la WhatsApp linaleta klipu ya mhadhara wa upande wa pili: "Papias, askofu wenu wenyewe, amekiri kitabuni mwake kwamba Mathayo aliandika Kiebrania. Sasa hicho cha Kiebrania mmekificha wapi?" Takbira. Watu wawili wanatoana jasho, na wote wawili wanasoma kitabu kimoja ambacho hakipo.

Hakipo, ndugu zangu. Papias aliandika vitabu vitano vya Ufafanuzi wa Maneno ya Bwana, na vyote vitano vimepotea. Kilichobaki ni vipande, na hata vipande hivyo havikubaki vyenyewe: kila kimoja kimo ndani ya kitabu cha mtu mwingine, kimenukuliwa kwa sababu za huyo mtu, kimekatwa pale alipotaka yeye kikatwe. Nafundisha Mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za kwanza, hii ndiyo kazi inayonilisha, na kila ninaposikia "Papias amesema" swali langu ni lilelile: kwa mkono wa nani?

Ya msingi niyapitie haraka. Papias alikuwa askofu wa Hierapoli katika Frigia, mji wa chemchemi za maji moto ulio juu ya ile miamba myeupe ya Pamukkale ambayo watalii wa Uturuki hupiga nayo picha. Laodikia na Kolosai ni majirani. Mji unatajwa katika Wakolosai 4:13. Aliandika mwanzoni mwa karne ya 2. Matoleo ya kisasa hayakubaliani hata juu ya idadi ya vipande: moja lina 13, jingine 22, jingine 25. Tofauti haitokani na ugunduzi. Inatokana na kila mhariri kuamua kivyake kama mtu wa karne ya 9 anayesema "Papias naye alishuhudia hivyo" ametuachia kipande au ametuachia uvumi tu.

Anzeni na kipande ambacho matoleo kadhaa hukipa namba moja. Tunacho kwa mkono wa Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyeandika yapata mwaka 180 dhidi ya wazushi. Zitakuja siku, kinasema, ambapo mizabibu itaota, kila mmoja na matawi elfu kumi, kila tawi vitawi elfu kumi, kila kitawi machipukizi elfu kumi, kila chipukizi vichala elfu kumi, kila kichala zabibu elfu kumi, na kila zabibu ikikamuliwa itatoa vipimo 25 vya divai. Mtakatifu akishika kichala kimoja, cha pembeni kitapaza sauti: "Mimi ni bora kuliko hicho, nichume mimi, umhimidi Bwana kwa ajili yangu!" Pigeni hesabu. Mzabibu mmoja una zabibu ambazo idadi yake ni 1 na sifuri 20, na kwa kuwa kipimo hicho cha Kigiriki kilikuwa karibu lita 39, kila zabibu inakaribia lita 1000. Wanafunzi wangu hucheka wakifika hapa, nami siwazuii. Ndani ya kipande chenyewe yumo asiyesadiki: Yuda msaliti anauliza mazao hayo yatapatikanaje, naye Bwana anamjibu kwamba watakaofika nyakati hizo wataona.

Sasa tazameni anayesema ni nani. Irenaeus anasema haya waliyakumbuka wazee waliomwona Yohana, nao walimsikia Yohana akieleza jinsi Bwana alivyofundisha. Akimaliza, anaongeza kwamba haya Papias pia, msikiaji wa Yohana, mtu wa kale na mwenzake Polycarp (askofu wa Smirna), anayashuhudia kwa maandishi katika kitabu chake cha nne. Hilo "pia" ndilo linaloninyima usingizi. Je, Irenaeus alikuwa na kitabu cha nne mezani akinakili, au aliyapata kwa njia nyingine na Papias akamwita kama shahidi wa pili? Mimi nadhani alinakili, maana tunajua vitabu vya Papias alivijua na anataja idadi yake. Lakini sentensi inavumilia yote mawili. Juu ya hapo, sehemu hii tunaisoma katika tafsiri ya Kilatini, kwa kuwa Kigiriki cha Irenaeus kwa sehemu kubwa kimepotea. Na katika Baruku wa Pili, maandishi ya Kiyahudi yasiyopishana sana na zama hizo, umo mzabibu wa ukoo uleule, ila mnyonge kidogo: matawi elfu moja, kila tawi vichala elfu moja, kila kichala zabibu elfu moja. Kwa hiyo Yesu, Yohana, wazee, Papias, Irenaeus, mfasiri wa Kilatini, wanakili wa karne nyingi, kisha wewe na kipaza sauti chako. Sisemi msinukuu. Nasema semeni mlolongo.

Nije kwa Eusebius wa Kaisaria, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanaponichosha. Historia yake ya Kanisa, kitabu cha 3, sura ya 39, ndiyo inayobeba karibu kila kitu ambacho hao wahubiri wawili wananukuu. Eusebius aliandika mwanzoni mwa karne ya 4, zaidi ya miaka 150 baada ya Papias, na alikuwa na shida binafsi na Papias: hakuvumilia fundisho la utawala wa Kristo wa miaka 1000 hapa duniani, wa kuonekana kwa macho, na lawama alimpa Papias, kwamba aliwaambukiza wengine akina Irenaeus. Kwa hiyo anatuambia kwamba Papias alikuwa mtu wa akili ndogo sana, kama inavyoonekana katika maneno yake. Huyo ndiye mlinzi wa hazina yetu. Fikirini mtu unayesigana naye kwenye ukoo ndiye pekee aliyebaki na barua zako, na ndiye anayechagua aya zipi wajukuu wako wasome.

Anachotupa cha thamani kubwa ni dibaji ya Papias. Papias anasema hatasita kuweka, pamoja na fafanuzi zake, yote aliyojifunza vizuri kwa wazee na kuyakumbuka vizuri. Akipita mtu aliyefuatana na wazee, alimuuliza maneno ya wazee: Andrea au Petro alisema nini, au Filipo, au Tomaso, au Yakobo, au Yohana, au Mathayo, au mwingine yeyote wa wanafunzi wa Bwana, na wanasema nini Aristion na mzee Yohana, wanafunzi wa Bwana. Maana, anamalizia, hakuona kwamba yatokayo vitabuni yangemfaa kama yale yatokayo kwenye sauti iliyo hai na inayodumu.

Mmeona Yohana ametajwa mara mbili? Wa kwanza yuko katikati ya mitume, na kitenzi chao ni cha wakati uliopita. Wa pili anakuja baada ya Aristion, anaitwa "mzee", na kitenzi ni cha wakati uliopo. Eusebius akaruka juu: Yohana ni wawili! Akaongeza kwamba huko Efeso kuna makaburi mawili na yote yanaitwa ya Yohana. Kisha akatoa alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo: kama Ufunuo haukuandikwa na Yohana wa kwanza, basi yaelekea huyu wa pili ndiye aliyeuona. Hakubuni mwenyewe, Dionysius, askofu wa Aleksandria, alikwisha kupita njia hiyo katika karne ya 3, makaburi na yote. Mnaona biashara inavyokwenda? Ukimpata Yohana wa pili, unamtwisha kitabu chenye miaka 1000, na mtume anabaki msafi.

Basi wengi wa wasomi wangu wa upande wa "mwanafunzi wa mtume" huishia hapo: Eusebius alikuwa na nia, kwa hiyo tumtupe, tubaki na Irenaeus, ambaye ujanani alimwona Polycarp, anayemwita mwanafunzi wa mitume, kwa macho yake. Tena wanaongeza, na ni kweli, kwamba Eusebius huyohuyo katika kazi yake ya awali ya taarikhi alimweka Papias miongoni mwa wasikiaji wa mtume Yohana, kisha baadaye akageuka. Hoja nzuri. Lakini mtu kuwa na nia hakumfanyi asome vibaya. Dibaji aliyoinakili iko mbele yetu, na ndani yake Papias hadai popote kwamba alimsikia mtume. Anasema aliuliza wapita njia.

Walio upande wa Eusebius nao wasishangilie mapema, maana Eusebius anavuka mpaka hapohapo. Anasema Papias alimsikia Aristion na mzee Yohana yeye mwenyewe. Dibaji haisemi hivyo! Kwa dibaji, hata maneno ya hao wawili aliyapata kwa wageni waliopita. Eusebius analijua pengo, ndiyo maana anaegemeza dai lake kwenye kwamba Papias anawataja mara nyingi kwa majina. Na hao "wazee" ni akina nani? Kama ni mitume wenyewe, kati ya Papias na Petro kuna mtu mmoja, msafiri. Kama ni wafuasi wa mitume, kuna wawili. Sarufi inakubali kote. Vitabu vya vyuoni huchagua jibu moja na kusonga mbele bila hata tanbihi. Kura yangu mimi ni kwamba Yohana ni wawili. Lakini akisimama mtu na kusema Papias alimtaja mtu yuleyule mara mbili, kwanza pamoja na waliokwisha kufa, kisha pamoja na aliyekuwa bado anaongea, sina sentensi ya kumnyamazisha, hasa kwa kuwa wote wanaitwa wanafunzi wa Bwana. Kwa hiyo "mwanafunzi wa mtume Yohana" ni dai la Irenaeus. Ni dai la kale na lina uzito wake. Lisemeni hivyo.

Haya, Marko na Mathayo. Kuhusu Marko, Eusebius ananukuu: na hili mzee alikuwa akisema, kwamba Marko, aliyekuwa mkalimani wa Petro, aliandika kwa usahihi yote aliyoyakumbuka, ingawa bila mpangilio, ya yale Bwana aliyoyasema au kuyatenda. Maana hakumsikia Bwana wala kumfuata, bali baadaye alimfuata Petro, aliyefundisha kadiri ya mahitaji. Kwa hiyo Marko hakukosea kuandika baadhi ya mambo kama alivyoyakumbuka.

Swali ambalo halijawahi kuulizwa kwenye klipu yoyote: maneno ya mzee yanaishia wapi? Nakala za mkono za Kigiriki hazina alama za kufungua na kufunga usemi. Huenda aya nzima ni ya mzee. Huenda sentensi ya kwanza tu ni yake, na kuanzia "maana hakumsikia Bwana" ni Papias anafafanua, jambo ambalo ndilo alilosema kwenye dibaji kwamba atalifanya. Mimi nasikia sauti mbili pale, na masikio si ushahidi. Sikilizeni pia jinsi aya ilivyo: Marko anatetewa. Kuna mtu alikuwa analalamika kwamba Injili ya Marko haina mpangilio. Alikuwa anailinganisha na ipi? Ningetoa mshahara wa mwezi kuisoma aya iliyotangulia.

Kuhusu Mathayo ndiyo ufupi wa ajabu: basi Mathayo aliyapanga maneno kwa lugha ya Kiebrania, na kila mtu akayafasiri kadiri alivyoweza. Mwisho. Mistari miwili, na juu yake watu wamejenga ghorofa. Angalieni lile "basi". Limo katika Kigiriki, nalo linafunga hoja iliyokuwa inaendelea kabla. Hoja hiyo Eusebius ameikata, hatunayo. Tunashika hitimisho la mazungumzo ambayo mwanzo wake haujulikani, halafu mtu anakuja jukwaani kuniambia Injili ya asili "imefichwa". Na nani? Papias mwenyewe, kama alikuwa na kitabu hicho cha Kiebrania mkononi, haituambii sentensi hii. Mathayo wa Kigiriki tuliye naye anatumia Kigiriki cha Marko kwa sehemu kubwa na hasomeki kama tafsiri ya moja kwa moja, hivyo wataalamu wengi wanaona Papias alikuwa anazungumzia kitu kingine, au alipokea habari iliyochanganyika. Kati ya hayo mawili mimi nayumba, na huwa nayumba zaidi ikifika Februari na mitihani ya kusahihisha.

Zilizobaki, Luka na Yohana? Katika alichotuachia Eusebius, hakuna neno. Upo utangulizi mmoja wa Kilatini wa Injili ya Yohana unaosema Papias ndiye aliyeandika Injili hiyo kwa kusomewa na Yohana. Si wa kutegemea hata kidogo. Kwa hiyo "Injili zote nne" ifutwe ubaoni. Lakini pia msiseme "Papias hakuijua Injili ya Yohana", kama wanavyopenda wale wa mrengo wa ukosoaji. Ukimya huo ni wa Eusebius. Tuna mfano wa wazi wa alivyoweza kunyamaza: Andrea wa Kaisaria ya Kapadokia, aliyefafanua kitabu cha Ufunuo karne chache baadaye, anamhesabu Papias miongoni mwa mashahidi wa kuaminika kwa kitabu hicho. Eusebius, aliyekuwa na kazi yote ya Papias na hakuupenda Ufunuo, hakugusia. Anatuambia tu kwamba Papias alitumia ushuhuda wa waraka wa kwanza wa Yohana na wa kwanza wa Petro.

Yuda niwape kidogo kwa kuwa mtauliza. Apollinaris wa Laodikia, karne ya 4, alitaka kuwapatanisha Mathayo, anayesema Yuda alijinyonga, na Matendo, yanayosema alianguka akapasuka. Akamleta Papias: Yuda hakufa kwenye kamba, bali alivimba mwili kiasi kwamba palipopita mkokoteni yeye hakupita, kope zikafura hata tabibu kwa chombo chake asiyaone macho, akatoka usaha na mabuu, akafia shambani kwake, na mpaka leo hakuna apitaye pale bila kuziba pua. Limo katika katena, yaani mikusanyo ya maelezo ya waandishi wa kale juu ya Biblia, kwa hiyo tumelipata kwa wakusanyaji, na liko katika sura mbili, fupi na ndefu. Katika ile fupi, mkokoteni wenyewe ndio unaomponda na matumbo yanamwagika. Ipi ni Papias na ipi ni msimuliaji aliyenogewa? Wahariri wamegawanyika, nami naona ile ndefu inanukia wanogewaji.

Tarehe niliahirisha kimyakimya, nilimalize hilo. Wanaosema Papias aliandika baada ya 117 hutegemea sana Filipo wa Side, mwanahistoria wa karne ya 5, ambaye anasema kwa Papias waliofufuliwa na Kristo waliishi hadi enzi za Hadrian, yaani 117 hadi 138. Tatizo ni kwamba Eusebius anayasema karibu hayohayo juu ya Quadratus, aliyemwandikia utetezi Hadrian huyohuyo. Filipo huenda alichanganya kurasa. Ni huyohuyo pia anayetuambia kwamba Papias, kitabu cha pili, alisema Yohana na nduguye Yakobo waliuawa na Wayahudi, dai ambalo linarudi katika nakala moja ya George Hamartolos, mwandishi wa taarikhi wa karne ya 9. Na ile habari ya Papias kuuawa kwa imani huko Pergamo, iliyomo katika Taarikhi ya Pasaka, ni kosa la mnakili: jina alilolikuta kwa Eusebius ni Papylus, shahidi mwingine wa imani.

Kinachonifanya nimpende Papias ni binti za Filipo. Waliishi Hierapoli, mjini kwake, nao walimsimulia habari ya maiti aliyefufuka, na pia kuna ile ya Yusto Barsaba kunywa sumu isimdhuru. Hapa hakuna msafiri wa katikati. Ni wanawake wa mjini mwake, wenye majirani na anwani. Ni Filipo yupi, mtume au yule wa wale saba wa Matendo 21? Wa kale wenyewe walishawachanganya, na mwanaakiolojia Francesco D'Andria alipotangaza mwaka 2011 kwamba amepata kaburi la Filipo pale Hierapoli, swali hilo halikupata jibu.

Je, kitabu kinaweza kupatikana? Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, alilalamika kwenye barua moja kwamba umeenea uvumi wa uongo kuwa ametafsiri kazi za Papias, kwa hiyo tangu zamani watu wameitamani. Orodha ya mali ya kanisa la Nîmes, Ufaransa, ya mwaka 1218, inataja "kitabu cha Papias", na wapo waliochangamka. Mimi dau langu liko kwa Papias mwingine, mtunga kamusi ya Kilatini wa karne ya 11, ambaye kamusi yake ilikuwa kwenye maktaba nyingi. Nafasi kubwa zaidi naiona kwenye katena za Kigiriki ambazo bado hazijahaririwa. Kikitoka kipande kipya huko, wengine wakimbilie zabibu. Mimi nitatafuta kilichokuwa kabla ya lile "basi" la Mathayo.